Mlango Usioitikiwa

Mlango ule haukuwa na chumba nyuma yake. Uliegemezwa ukutani ndani ya duka la mzee Néhémie Wilondja, mjini Baraka, kati ya cherehani ya kukanyaga na rundo la taa za karabai. Nyuma yake kulikuwa na tofali na chokaa, basi. Hata mjusi asingepata nafasi ya kupita. Siku ya Jumanne, saa saba mchana, mtu aligonga mara tatu kutoka upande wa tofali.

"Hodi."

Néhémie alikuwa ameinama, anasugua kutu kwenye kengele ya shule. Hakugeuka. "Karibu!" alijibu, kama anavyomjibu kila mtu mwenye adabu.

Alipoinua kichwa, hapakuwa na mtu kwenye mlango wa barabarani. Jua lilisimama pale nje peke yake, na wamama wa sokoni walikuwa wameshafunika ndakala zao, wale dagaa wa ziwani, wakaenda kula. Nyuma yake kiti cha mbao kililia, kama kinavyolia mtu mzito akikikalia.

Watu wa Baraka waliita pale duka, lakini tuseme ukweli: duka lisilouza si duka. Néhémie alikuwa anakusanya. Pasi za mkaa, sahani za enameli, gramafoni iliyokosa pembe, baiskeli ya katekista, redio za meza ambazo ziliacha kusema zamani. Akitaka kitu, alikaa na mwenye nacho hata nusu siku, akamuuliza: kilitoka wapi, nani alikishika kwanza, nani alilala njaa badala ya kukiuza, vita vilikipitiaje. Kitu kisicho na historia alikiita kuni. Wala hakuandika hata mstari mmoja. Karatasi zake ziliungua mara mbili. Mara mbili alivuka ziwa kwenda Kigoma na nguo ya mwilini tu, na mara mbili alirudi na yale yaliyokuwa kichwani.

"Kichwa hakipekuliwi kwenye barrière ya askari," alikuwa anasema.

Shida yake ilikuwa moja. Tangu mke wake Solange afe, miaka sita sasa, hakuna aliyebaki wa kumsikiliza. Wateja waliingia, wakashika pasi, wakaipima kwa mkono.

"Papa, unauzisha ao hauuzishi?"

"Ngoja nikuelezee kwanza. Hii pasi ilikuwa ya—"

"Aah, papa musée, papa wa makumbusho! Sisi tunatafuta pasi, hatutafuti masomo."

Wakatoka wanacheka, na yeye akabaki na sentensi mdomoni.

Mlango aliuchukua kwa Pulchérie, binti wa karani mmoja wa zamani, ambaye nyumba yao ya ufukweni iliingiliwa na ziwa maji yalipopanda. Ulikuwa wa mninga, mzito, na misumari yake ilifuliwa kwa mkono, kila mmoja na kichwa chake.

"Nipe historia yake," Néhémie alimwambia.

"Papa, ni mulango tu. Mulango iko na historia gani?"

"Kila kintu iko nayo, binti yangu."

"Basi hii, papa yetu hakutuambiaka. Alituachia neno moja tu: mutu akipiga hodi, musiitike na mudomo. Muende kuangalia na macho, mumuone, ndio mumukaribishe."

Néhémie alicheka kwa pua. "Majivuno ya bakarani. Banataka batu basimame kwa jua."

"Ni vile alisema, papa. Mi sijui."

Kwa kanuni yake mwenyewe, mlango ule ulikuwa kuni. Lakini ulikuwa mzuri, na mtu anayeishi peke yake huwa mwepesi wa kujiruhusu. Akaubeba.

Sasa kiti kilikuwa kimelia, na Néhémie hakutaka kugeuka. Kuna watu watakuambia majini hunukia marashi. Huyu hakunukia marashi. Palinuka chokaa mbichi, ile harufu ya nyumba ambayo haijaingiwa na mtu bado, na baridi ndogo ilimgusa shingoni. Alitaka kukimbia. Lakini mkono wake ulikuwa bado kwenye kengele, na mdomo wake, kwa hofu na kwa mazoea, ukaanza kazi yake.

"Hii kengele," alisema polepole, "ilikuwa ya école moja kule milimani. Mwalimu aliizika shambani, vita ilipokuja..."

"Ehe?" kikasema kiti.

Sauti haikuwa ya kutisha. Hilo ndilo lilikuwa baya. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesogeza kichwa mbele ili asipitwe na neno. Miaka sita hakuna aliyemwambia Néhémie "ehe". Akaendelea. Akasimulia jinsi mwalimu alivyosahau shamba lipi, jinsi ng'ombe alivyoikanyaga ikalia chini ya udongo, jinsi watoto waliochunga walivyokimbia wakidhani ardhi inawaita. Kila alipopumua, nyuma yake ilikuja ile "ehe", mpaka hadithi ikaisha. Kiti kikalia tena, chepesi. Hakukuwa na kitu.

Siku ya pili saa saba palikuja hodi, na mzee akaitika kabla mlango haujagongwa mara ya tatu. Siku ya tatu aliosha uso na kuvaa shati safi. Alisimulia baiskeli, na mwanawe Vainqueur aliyejifunzia juu yake kabla hajahamia Lubumbashi, akasimulia gramafoni, akasimulia sahani moja moja. Hakugeuka kumtazama mgeni wake, na mgeni hakumwomba ageuke. Jioni alikula vizuri. Alilala kama mtoto. Kama ungemuuliza wiki ile, angekuambia kwamba amepata rafiki, na asingekuwa anadanganya.

Siku ya nane, asubuhi, alikuja Déogratias, mwalimu wa historia, kijana mwenye heshima zake.

"Shikamoo, papa. Banafunzi bangu banataka kujua vintu vya zamani. Banasema weye ndiye bibliothèque yetu, maktaba ya muji muzima."

Néhémie karibu alie. Mtu mwenye macho na masikio yote mawili! Akainua pasi ya mkaa, ile yenye jogoo kwenye kifuniko, akafungua mdomo.

Hakuna kilichotoka.

"Hii," alisema. "Hii ni pasi."

"Ndiyo, papa. Ya nani?"

Akaiweka chini. Akashika sahani. Ilikuwa sahani. Akashika kengele, akaitikisa, nayo ikalia mlio wa chuma usio na shule wala mlima wala mwalimu. Aliangalia rafu zake moja baada ya nyingine, kama mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta majirani wote wamebadilishwa.

"Papa, uko mugonjwa?"

"Toka!" Néhémie alifoka. "Toka kwangu! Mulinidharau miaka yote, sasa ndio munakuja kuniuliza?"

Déogratias alitoka kinyumenyume, anaomba radhi kwa kosa asilolijua. Mzee alikaa chini sakafuni. Hakuwa mjinga. Alielewa pale pale kwamba kila alichomsimulia mgeni kilikwenda na mgeni, chote, na mlango usio na historia ulikuwa unajijaza kwa za kwake.

Akajiapia kunyamaza. Saa saba ilipofika alikuwa amefumba mdomo kwa mikono miwili. Mlango haukugongwa. Nani anapiga hodi mahali alipokwisha kuzoea? Kiti kililia tu, harufu ya chokaa ikajaa, na kanyagio la cherehani likaanza kushuka na kupanda, taratibu, bila mguu juu yake, gurudumu likizunguka, sindano ikitoboa hewa.

"Ehe?" ikasema sauti, kwa upole kabisa.

Cherehani ilikuwa ya Solange. Ndiyo pekee ambayo hakuwa ameisimulia. Alijua akiisema itakwenda, na Solange ataondoka pamoja nayo, na yeye atabaki na kaburi asilojua la nani; alijua hivyo waziwazi, na bado, kwa sababu hakuna binadamu aliyemuuliza habari za Solange tangu siku ya matanga, na kwa sababu sauti ile ilingoja kwa subira ambayo hakuna jirani aliyewahi kuwa nayo, mikono yake iliteleza kutoka mdomoni na akasikia mwenyewe anasema, "Alikuwa anaimba akishona..."

Wimbo ukatoka kichwani mwake. Aliusikia ukienda, kama uzi unaovutwa kutoka kwenye nguo. Alijua tu kwamba aliimba. Nini, hakujua tena.

Néhémie alitoka mbio, bila viatu, mpaka kwa jirani yake Nyiransengimana.

Mama huyu alishuka kutoka Bibokoboko, kule milimani, na ng'ombe wake wakabaki huko, hajui kwa nani. Hapa Baraka mama alijulikana kwa maombi. Watu wa makanisa yote walikuja uani kwake, wengine kwa kujificha. Alimsikiliza Néhémie hadi mwisho, mikono ndani ya kitenge.

"Mama, umufukuze," mzee alinong'ona. "Omba, funga, fanya yote unafanyaka."

"Shetani nafukuza," alisema Nyiransengimana. "Lakini huyu hakuvunja mulango. Alipiga hodi, weye ukamwambia karibu. Ni mugeni yako. Nitamufukuza kwa jina gani?"

"Basi nitakufa naye?"

"Papa, mugeni anatokaka namna gani kwa nyumba ya mutu?"

"Anaaga. Unamusindikiza."

"Ulimusindikiza?"

"Haagi! Anasikiliza tu."

"Basi simama weye. Mwenye nyumba akisimama, mugeni anasimama. Umupeleke mpaka kwa daraja ya muto Mutambala. Usirudi kama yeye hajakuambia rudi." Akamshika mkono, akaukaza. "Na usiongee naye njiani. Ata neno moja. Mi nitabaki hapa, kwa magoti."

Néhémie alirudi dukani. Kanyagio lilikuwa bado linapanda na kushuka. Alisimama mbele ya kiti bila kukiangalia, akafunga kifungo cha shati, kama mwenyeji anavyofanya, akatoka. Nyuma yake kiti kililia, na nyayo zikafuata.

Ilikuwa mchana mweupe. Pikipiki zilipita na magunia, wamama walirudi sokoni na mabeseni kichwani, mtu mmoja akamsalimia, naye akainamisha kichwa tu, na hakuna aliyeona kwamba nyuma ya mzee asiye na viatu vumbi lilikuwa linabonyea hatua kwa hatua, walipita mahali palipokuwa na duka la Mgiriki, na sauti ikamwambia sikioni "ehe?", walipita uwanja ambapo kaka yake alipigwa risasi, "ehe?", walipita kanisa alimofungia ndoa, na kila mahali palikuwa na hadithi, na kila hadithi ilimpanda kooni kama matapishi, akaimeza, akatembea, na walipofika pale mto unaposikika, mahali ambapo Solange, akiwa msichana anayefua, alimmwagia maji ya sabuni kwenye suruali pekee aliyokuwa nayo na akacheka badala ya kuomba radhi, nyayo zikasimama, baridi ikamzunguka mabega kama mkono wa ndugu, na sauti ikauliza, kwa huruma ambayo hata leo akiikumbuka inamtoa machozi, "Ehe, baba? Alicheka namna gani?"

Néhémie aliuma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu. Hakuwahi kutaka kitu maishani kama alivyotaka kujibu.

Akapiga hatua. Nyayo zikangoja, kisha zikafuata.

Katikati ya daraja harufu ya chokaa ilipungua. "Rudi," ilisema sauti, na ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka mezani ameshiba. Nyayo zikaendelea ng'ambo bila yeye.

Aliporudi alichukua shoka, akaupasua mlango wa mninga vipande vipande. Nyiransengimana alimkuta ameketi juu ya rundo, jasho linamtiririka, ulimi umevimba. Alimpa maji. Akavuta kiti kile kile, akakikalia bila woga.

"Sasa uniambie mimi," alisema. "Juu ya Solange. Pole pole."

Néhémie alitikisa kichwa.

"Mi ni mutu, papa. Nina mwili. Guza."

Akasema sentensi moja, ya suruali na maji ya sabuni. Akafumba macho, akatafuta ndani yake. Ilikuwepo. Akasema ya pili: kicheko. Akatafuta. Kilikuwepo, chote, na pengo la meno yake. Akasema ya tatu haraka, ya nne, ya kumi, na mama akawa anaitikia "mm, mm", na mzee akaanza kucheka huku analia, maana vilikuwa vinatoka mdomoni na bado vinabaki.

"Asifiwe Mungu," alisema Nyiransengimana. "Sasa umupigie Vainqueur. Tangu wiki yenye ilipita anakutafuta, haupokei. Jana alinipigia mimi, anaogopa umekufa."

Mzee alijifuta macho. "Nani?"

"Vainqueur, papa. Wa Lubumbashi."

Mzee alimwangalia mama akitaka kumsaidia, kwa sababu mama alikuwa mwema kwake. Nyiransengimana akasimama polepole, mkono kifuani. Simu ya Néhémie ilikuwa kwenye cherehani, na wakati ule ule ikaanza kulia. Mzee aliichukua, akaliangalia jina kwenye kioo, akapokea.

"Papa? Papa, ni mimi! Uko muzima? Papa!"

Sauti ilikuwa ya mwanamume mzima anayelia. Néhémie aliisikiliza yote, kwa adabu, bila kuikatiza, na akaionea huruma.

"Pole sana, bwana," alisema. "Umekosea namba."