Gunia Lililofundishwa Kusema

Kila jioni baada ya masomo, Phelista wa Kibomet, Kitale, alibaki shuleni kwenye chama cha kompyuta. Mwalimu Waithera alikuwa amewapa kazi ya kutunga programu ya ghala la akina mama wa Tongaren, kule Bungoma, ambako nyanya yake Phelista, Kukhu Nabwile, alihifadhi mahindi. Ndani ya programu, kila gunia lilitakiwa kuwa na jina la mwenyewe na kipimo cha unyevu.

Phelista alipoiambia kompyuta ionyeshe gunia, ilitoa msururu wa herufi na namba, utadhani kuku mwenye wino miguuni kapita juu ya kioo.

"Aki Phelista, gunia lako limeokoka?" Ngige, mwanafunzi mwenzake, akamcheka. "Linanena kwa lugha!"

"Kompyuta haijui gunia lijieleze vipi," mwalimu akasema. "Liandikie maagizo. Likiulizwa, litaje jina la mwenyewe, lisome unyevu wake, halafu liseme kama ni kavu au bichi."

Jina likakubali upesi. Unyevu ukakataa, kila akijaribu, kosa jekundu. Na wageni wa kukagua programu walikuwa wanakuja kesho yake. Phelista akatazama mlangoni, akafuta sehemu yote ya unyevu, akaandika maneno yake mwenyewe: "Kavu, tayari kwa ghala." Sasa kila gunia likiulizwa, lingejibu hivyo tu. Wageni wakapiga makofi. Uongo ukipigiwa makofi huota ndevu.

Mavuno yalipofika, mwalimu akampeleka Phelista Tongaren pamoja na kompyuta ya shule. Mahindi ya Kukhu yakapimwa, kipimo kikaingizwa kwenye kompyuta, nayo ikaandika: "Kavu, tayari kwa ghala." Kukhu akatoa chupa yake. Alizoea kutikisia humo punje na chumvi kavu. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi hayajakauka.

"Kukhu, wacha hiyo. Mashine imesema ni kavu."

"Ati imesema?"

"Si unaona hapo?"

Angeweza kusema ukweli. Badala yake akamgeuzia kioo asome. Kukhu akaiweka chupa chini, akawageukia akina mama wenzake akitabasamu: "Mjukuu wangu huyo!"

Magunia yake yakaingia ghalani. Wiki kadhaa baadaye, yalipofunguliwa mbele ya Phelista na mwalimu, joto na harufu viliwapiga usoni. Punje zilikuwa zimevaa ukungu wa kijani. Afisa wa kilimo akakataza hata kuku wasipewe, maana sumu ya ukungu huo huua. Shimo likachimbwa, chakula cha mwaka mzima kikamwagwa humo.

"Hii mashine imeniua," Kukhu akanung'unika.

"Si mashine, Kukhu," Phelista akasema huku machozi yakimtoka. "Ni mimi. Niliiandikia iseme hivyo."

Hapo hapo mwalimu akakaa naye, wakatafuta kosa. Kumbe ndani ya programu gunia halikuwa limekabidhiwa kipimo chake lilipoundwa. Mstari mmoja tu ulikosekana! Wakaurekebisha, kioo kikaandika: "Gunia la Nabwile. Unyevu asilimia 19. Bichi, lianikwe tena."

"Sasa linasema kweli," Kukhu akasema, "na mimi sina cha kulitia."

"Phelista," mwalimu akasema, "gunia halina mdomo. Wewe ndiye uliyelipatia, na neno la kwanza ukalifundisha uongo. Ukishindwa, andika kwamba hujui. 'Sijui' haijawahi kuozesha mahindi ya mtu."

Phelista akainamisha kichwa. Kukhu akamnyooshea jembe.

"Haya, mtaalamu wangu. Shimo halijafukiwa."