Suruali ya Fundi Ilivyomficha

Wasomaji watukufu, kaeni wima. Habari hii nzito inahusu moyo wa binadamu, kisu cha daktari na hatima ya familia nzima. Inaanzia kwenye suruali.

Fundi alikuwa mshona nguo. Mlango mmoja wa kupitisha damu moyoni mwake ulikuwa mbovu, naye alisubiri upasuaji. Hamu ya kula ilimtoroka. Alikula vijiko viwili vitatu, akaisogeza sahani. Suruali ikimlegea, aliketi kwenye cherehani akaibana kiuno. Mkewe alimwona yuleyule, nadhifu kama bwana harusi. Fundi aliogopa jambo moja: madaktari wakijua amekonda, wataahirisha upasuaji, na moyo hautamngoja.

Siku ya vipimo alikwenda hospitali na mkewe, na muuguzi akampima uzito.

"Baba, nguo zinakulegea siku hizi?"

"Hata kidogo. Si unaona mwenyewe?"

Muuguzi akageuza ukingo wa kiuno cha suruali. Ndani palikuwa na mshono juu ya mshono.

"Hii imebanwa mara ngapi?"

Fundi akakohoa. Mkewe akamkazia macho.

"Baba watoto, kumbe unanishonea uongo?"

"Niliogopa wataniahirisha," akanong'ona.

Muuguzi akavuta kiti. "Baba, baada ya upasuaji mwili una kazi nzito. Unafunga kidonda, unapigana na vijidudu. Ukiingia bila akiba, kidonda kinachelewa kupona, na maambukizi yanakupata kirahisi. Ndiyo maana tunauliza mapema kama umekonda na kama unakula. Tusifichane."

Daktari alimchunguza, akasema moyo unaweza kusubiri wiki chache. Mtaalamu wa lishe akampangia chakula: kidogo kidogo, mara nyingi, chumvi haba. Mayai, maharagwe, samaki, maziwa.

Nyumbani, mkewe alikaa naye mpaka kijiko cha mwisho.

"Kula, au nikuimbie."

"Nakula, mama, nakula." Sauti ya mkewe aliijua vizuri.

Uzito ukapanda. Fundi akapasuliwa. Kidonda kikafunga vizuri, naye akaanza kutembea wodini akiwa ameshika mkono wa mkewe.

Asubuhi ya kuruhusiwa, mkewe aliweka kifungua kinywa chake kando ya kitanda, akatoka kunawa mikono. Aliporudi, sahani yake haikuwa na yai.

"Nani kala yai langu?"

Fundi akatazama dirishani kwa heshima zote. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakamnyooshea vidole.

"Ni mimi," akakiri. "Nilisikia njaa."

Mkewe akaketi kitandani, akamshika shavu lililokuwa limejaa chembe za yai, akalia huku anacheka.