Nani Aliyapunguza Maziwa ya Lomie

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na kufutwa, Lomie Esh alijifunga aproni upya na kuanza kazi aliyojivunia kuliko zote: kuandaa oti ya asubuhi, nafaka ya kuokwa na maziwa. Alimimina oti kwenye bakuli kubwa la udongo, akavunja mayai, akatia sukari nyekundu, siagi iliyoyeyushwa, chumvi kidogo, mdalasini na kungumanga ya kukuna. Juu yake alitawanya matufaha makavu, kisha akamwagia maziwa mpaka kila kitu kikazama. Bakuli lilifunikwa kitambaa na kushushwa stoo ya chini, kwenye baridi. Alfajiri, baba akiwa zizini anakamua ng'ombe, lilipandishwa na kuingizwa kwenye oveni ya jiko la kuni. Baba aliporudi na ndoo zake, nyumba nzima ilikuwa inanukia mdalasini.

Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mama. Lakini mama yake Lomie, Mattie, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume na bado alikuwa dhaifu kitandani. Kama desturi inavyotaka, baba aliita msichana wa kumsaidia mzazi. Msichana huyo aliitwa Verna, naye alitoka Bonde Kubwa, ng'ambo ya milima. Verna alifua, akapika, akamwogesha mtoto. Ndiye pia aliyewasha jiko alfajiri na kuoka kile Lomie alichokiandaa.

Lomie hakumpenda. Ukimuuliza kwa nini, asingekuwa na jibu la maana. Kofia ya Verna ilishonwa kwa mtindo mwingine, matamshi yake yalikuwa ya kuvuta, na huko kwao magari ya farasi yalikuwa na paa la njano, si kama ya hapa.

"Paa la njano," alisema Yonie, mdogo wake Lomie, siku Verna alipofika. "Kumbe kwenu mnapanda kiini cha yai."

"Ndiyo," Verna akamjibu bila kutabasamu. "Na farasi wetu hutaga."

Yonie alicheka mpaka akakohoa. Lomie hakucheka. Alijiambia kwamba mtu mwenye majibu ya haraka namna hiyo ni wa kutazamwa.

Jioni moja Bibi Lavina, mama yake baba, alipita jikoni akitoka nyumba yake ndogo iliyoungana na ile kubwa. Alisimama nyuma ya Lomie, akatazama bakuli.

"Matufaha umeyaloweka kwenye maji moto, mjukuu wangu?"

"Nimeyaloweka, Bibi."

Hakuwa ameyaloweka. Kuloweka kulimaanisha kuchemsha maji, kungoja, kuchuja, na kuosha bakuli jingine. Usiku ule wa kwanza alioruka kazi hiyo hakuna aliyetambua, na oti ilitoka tamu. Basi akairuka tena, na tena, mpaka ikawa mazoea, na uongo wenyewe ukawa mwepesi mdomoni kama salamu.

Siku mbili tatu baadaye Lomie aliamka mapema kuliko kawaida akashuka kutafuta soksi zake nzito. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Chini kulikuwa na mwanga wa taa. Aliposhuka ngazi ya kwanza, alimwona Verna ameinama juu ya bakuli la oti, mgongo wake ukiwa huku, jagi mkononi. Ngazi ikalia. Verna akageuka haraka na jagi likaingia chini ya aproni.

"Nani hapo?"

"Mimi. Unafanya nini?"

"Napandisha bakuli," Verna alisema. "Rudi ukalale, baridi hii itakuumiza."

Lomie alirudi kitandani, lakini hakulala. Mtu anayepandisha bakuli anahitaji jagi la nini? Na kama jagi ni la halali, linafichwa kwa nini?

Jioni iliyofuata alichomoa ujiti mmoja kwenye ufagio, akausimamisha ndani ya bakuli na kuukata pale maziwa yalipoishia. Alfajiri alimtangulia Verna kushuka stoo. Alichovya ule ujiti. Maziwa yalikuwa yameshuka upana wa vidole viwili. Oti hunywa kidogo, hilo alilijua tangu akiwa mdogo. Lakini vidole viwili? Hapo kuna mtu aliyekunywa.

Tangu hapo kila alichofanya Verna kilikuwa na kivuli nyuma yake. Akijifuta mdomo, anafuta maziwa. Akiimba taratibu akimbembeleza mtoto, anaficha hatia. Akimpa Yonie kipande kikubwa, anamhonga. Hata mashavu yake mekundu yalikuwa ushahidi. Nani hupata mashavu kama yale kwa kunywa maji?

Shuleni, wakati wa mapumziko, Lomie alimvuta rafiki yake Fronie nyuma ya banda la farasi.

"Yule msichana wetu anakunywa maziwa ya oti usiku."

"Labda ni paka," alisema Fronie.

"Paka gani anayebeba jagi?"

Fronie aliziba mdomo kwa mikono miwili. Aliahidi hatasema. Jioni hiyo hiyo mama yake Fronie alikuwa anajua, na kesho yake alikuja kumtazama mzazi, akaleta mkate wa maboga, na kabla ya kuketi akawa ameshayasema yote mbele ya mama na Bibi Lavina, huku Verna yuko kisimani anateka maji.

Mama alimwita Lomie kitandani. "Ulimwona akinywa, kwa macho yako?"

"Nilimwona na jagi, Mama. Akalificha. Na maziwa yanapungua, nimepima."

"Nimekuuliza kama ulimwona akinywa."

Lomie alitazama sakafu. "Nani mwingine, sasa?"

Baba, Gideon, alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye naye alikuwa ameona jambo. Kila alfajiri Verna alikuja zizini kuchota jagi moja la maziwa, na baba alidhani ni ya mzazi. Mama akasema hajawahi kuletewa maziwa alfajiri. Baba akamwita Verna jikoni.

"Binti, yale maziwa ya jagi huenda wapi?"

"Jikoni, Baba Gideon."

"Ya nini? Lomie hutia maziwa ya kutosha tangu jioni."

Verna alimtupia Lomie jicho mara moja tu, kisha akashika pindo la aproni yake. "Sijanywa maziwa yenu," alisema. Akanyamaza hapo hapo. Baba alingoja. 

Katika jumuiya yao, anayejitetea sana huhesabiwa mwenye kiburi, lakini anayenyamaza mbele ya swali la wazi huhesabiwa mwenye jambo. Baba alishusha pumzi. Hakumwita mwizi. Alisema tu kwamba kaka yake Verna atapewa habari aje amchukue Jumamosi, na kwamba wataagana kwa amani. Verna aliinamisha kichwa. Wote jikoni walijua maana yake. Msichana anayerudishwa kabla mzazi hajapata nguvu, hakuna nyumba itakayomwita tena, wala Bonde Kubwa wala hapa. Watu hawatauliza alifanya nini. Watasema tu, yule ni yule aliyerudishwa.

Lomie alitarajia kufurahi. Badala yake swali la mama lilimrudia kila aliposhika kazi. Ulimwona akinywa? Basi akaamua kumaliza shaka. Ijumaa jioni aliandaa oti kama kawaida, akapima kwa ujiti, kisha hakulipeleka bakuli stoo. Bila kumwambia mtu, alilipeleka kwa Bibi, kwenye baraza la nyuma lenye baridi, akalitia ndani ya kabati la chuma la Bibi, akafunga kwa ufunguo na kuuvaa ufunguo shingoni kwa uzi. Kesho bakuli litakuwa limejaa mpaka alama, alijiambia, na mama ataona.

Asubuhi ufunguo ulikuwa bado shingoni pake. Kabati lilikuwa limefungwa. Alifungua, akafunua kitambaa, akachovya ujiti.

Maziwa yalikuwa yameshuka vidole viwili.

Alikaa pale baridini, ufunguo mkononi, akitafuta mtu wa kumshuku. Hakumpata. Verna, aliyelikosa bakuli stoo, alikuja mlangoni na jagi lake, akanyoosha mkono kupokea bakuli. Lomie alilikumbatia. "Leo naoka mwenyewe," alisema, akampita kando akaliingiza kwenye oveni vile vile lilivyokuwa.

Mezani, baada ya sala ya kimya, baba alichota. Kijiko kiligoma. Alikikandamiza, kipande kikakatika na kuruka pembeni ya sahani.

Yonie aligonga chake kwa uma. "Baba, tunakula, au tunajenga?"

"Kula," alisema baba, akaanza kutafuna. Alitafuna kwa muda mrefu. Bibi Lavina, ambaye hakuwa na meno mengi, alisukuma sahani yake mbele.

Lomie alichokoa tufaha moja kutoka kwenye kipande chake. Jana jioni lilikuwa jembamba na gumu kama ngozi ya kiatu. Sasa lilikuwa nene, laini, limevimba. Alilibonyeza kwa kidole, na tone jeupe likatoka. Akalitazama lile tone mpaka macho yakamwuma. Maziwa hayakwenda popote. Matufaha makavu yalikuwa yameyanywa usiku kucha, kwa sababu hakuna aliyeyapa maji kwanza. Na jagi la Verna lilikuwa linamimina, si kuchota.

Karibu na mlango kulikuwa na furushi la Verna, limefungwa kwa shuka. Nje, kwenye lango, gari la paa la njano lilikuwa limesimama na kaka yake anafunga kamba za farasi. Kama Lomie angenyamaza, furushi lile lingepanda gari, na siri ingeondoka nalo. Hakuna mwingine mezani aliyejua habari za ufunguo.

"Baba," alisema. Akasimama. "Baba, Verna asiondoke. Mimi ndiye."

Alieleza yote: maji moto ambayo hakuyachemsha, uongo aliomwambia Bibi kila jioni, ujiti wa ufagio, kabati. Alipofika kwenye maneno aliyomwambia Fronie alishindwa kutazama mtu, akaiambia meza.

Baba aliweka kijiko chini. "Verna, ulijua?"

"Asubuhi ya kwanza nilikuta matufaha yamevimba na bakuli limekauka," alisema Verna. "Siku moja kabla ya hapo ulimsifu Lomie mezani, kwamba oti yake ni kama ya bibi yake. Niliona uso wake. Nikaongeza maziwa, nikaficha jagi ili asijue nimemrekebisha."

"Na nilipokuuliza?"

"Ningejibu nini, Baba Gideon? Kila jibu lingekuwa ni kumshtaki mtoto mbele ya babaye. Nilidhani atasema mwenyewe."

 Kisha baba alisimama, akavaa kofia yake, akatoka kwenda langoni. Wakamwona kupitia dirishani akizungumza na yule kijana wa Bonde Kubwa, akiwa ameivua tena kofia na kuishika mikononi.

Lomie alimgeukia Verna. "Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe," Verna alisema. "Na humu ndani halitatajwa tena."

"Humu ndani," alisema Bibi Lavina akiinuka taratibu, mikono mezani. "Lakini lilishatoka nje. Lomie, vaa shali yako. Leo wanawake wanashona mfarishi kwa kina Fronie. Wote wako pale."

"Wote, Bibi?"

"Ulitaka nikuchagulie wachache?"

Walikwenda watatu kwa miguu, Lomie katikati. Wanawake walikuwa wamezunguka fremu ya mfarishi, blanketi la vipande vya vitambaa, sindano mikononi. Verna alipoingia, mazungumzo yalikatika kama uzi, na mama yake Fronie akajifanya anatafuta mkasi uliokuwa mbele yake.

Lomie alibaki amesimama. Akasema: Verna hakunywa maziwa. Yeye Lomie alikuwa mvivu wa kuloweka matufaha, akadanganya, kisha akamtafutia mtu mwingine kosa. Jagi lilikuwa la kumwokoa yeye. Maneno aliyoyaeneza yalikuwa ya uongo, na anaomba yarudishwe.

Sindano zilikuwa zimesimama. Fronie alikuwa amejificha nyuma ya kiti cha mama yake, ni kofia tu iliyoonekana. Mama yake alipata mkasi, akauweka tena chini.

"Na mimi niliyabeba bila kuyauliza," alisema. "Verna, nisamehe nami. Njoo ukae hapa." Akasogea kumpa nafasi kwenye benchi.

Mwanamke mmoja kijana, tumbo lake limeshaanza kuonekana, alimtazama Verna juu ya mfarishi. "Mimi najifungua majira ya kuchipua," alisema. "Ukimaliza kwa Mattie, kama hujaahidi mahali pengine, ningependa uje kwangu."

Verna aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anapachika uzi kwenye sindano, na uzi ulikataa kuingia.

Wakirudi, Lomie alitembea na Bibi Lavina. Verna alikuwa amebaki kumalizia safu yake.

"Bibi, mbona niliamini kabisa kwamba ni yeye? Nilikuwa na uhakika."

"Ulikuwa na uhakika kwa sababu ulikuwa na haja," alisema Bibi. "Kosa lilikuwa bakulini, na mtu mmoja tu ndiye aliyelitia, na mtu huyo hakutaka kutazamwa. Anayeficha kosa lake, mjukuu wangu, hulazimika kumtafuta mwingine wa kulibeba, na atampata, hasa akiwa mgeni asiye na wa kumsemea. Kazi uliyoiruka ilikuwa ya dakika chache tu. Uongo ulioifunika ulikaribia kumla binti wa watu. Siku nyingine ukiona kitu kimepungua, anza kuuliza kwako mwenyewe. Ukijikuta huna hatia, ndipo umuulize mwenzako, naye umuulize usoni, si mgongoni."

"Nimesikia, Bibi."

"Vizuri. Sasa tembea upesi, mama yako hajala kitu laini tangu asubuhi."