Jina Lililonyamazisha Kabati

Ilikuwa Jumanne, tarehe tatu Machi mwaka 2026, saa nne na robo asubuhi. Wapo Busia wanaosimulia kwamba ilikuwa usiku, tena usiku wa mvua, hao wanakosea. Wengine hushikilia Ijumaa, eti kwa kuwa malori yalijaa barabarani. Malori yalijaa kwa sababu mtandao wa ofisi ya uwakala wa forodha ulikuwa ukikatika tangu Jumamosi. Jua liliwaka, na makarani walikuwa wakinywa chai.

Fundi Ofwono alikwisha kubadilisha kebo zote, na swichi pia. Mtandao ulirudi, ukakaa kidogo, ukafa. Kila ulipokufa, kabati la mitambo lilitoa kilio chembamba, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikatanda chumbani.

Asubuhi hiyo mkewe, Joanita, alikuwa na uchungu wa kuzaa katika zahanati huko Nagongera. Ofwono aliomba ruhusa.

"Nenda," meneja Maggie alimjibu, "lakini usirudi. Mtoto hazaliwi na baba."

Awor, mama aliyefagia ofisi, alisogea karibu. "Hii si waya, mwanangu. Huyu ni jini hana jina. Kwetu mtoto mchanga nalia hivi, tunamwitia majina ya wafu. Lile nanyamazia, ndilo lake."

"Mama, hii ni mashine."

"Basi endelea kukaza skrubu."

Ofwono alicheka, kisha akaita: babu yake Ofumbi, shangazi zake, wote waliozikwa. Kwa kila jina taa za kijani za kabati ziliwaka, zikazimika.

"Jaribu la mkeo," Maggie alisema mlangoni, kikombe mkononi. "Labda linamwonea wivu."

"Joanita," Ofwono alisema kwa uchovu.

Taa ziliwaka, zikabaki. Kilio kikakoma. Makarani walipiga makofi, na Maggie akarudi chumbani kwake.

"Hilo ni la mtu hai," Awor alinong'ona. "Wafu ndio naacha majina. Aliye hai lazima alihame."

Simu ya Ofwono iliita. Alikuwa dada wa mkewe. "Shemeji, Joanita amenyamaza ghafla. Macho yake yako wazi, tunamwita, haitiki. Mtoto bado yuko ndani."

Ofwono aling'oa waya wa umeme. Taa zilibaki kijani.

"Linamwachaje, mama?"

"Linapewa lingine la aliye hai." Awor alianza kurudi nyuma, kana kwamba amejisikia mwenyewe.

Ofwono, ambaye simuni alisikia wanawake wakianza kulia na mmoja wao akiomba shuka la kufunika, na ambaye pua yake ilijaa ile harufu ya maziwa, alimtazama yule mama aliyemgawia chakula chake tangu Jumamosi, akaona kwamba amekwisha kuelewa na kwamba anamwomba kwa macho tu, akapeleka mdomo kwenye kabati, akasema polepole, "Awor."

"Amepumua," simu ilisema. "Anakuita wewe."

Awor alikuwa amesimama karibu na mlango, ufagio mkononi, macho wazi.

"Awor," Maggie aliita kutoka chumbani kwake, "njoo ufagie hapa."

Awor hakugeuka.

"Awor, husikii?"

"Nakuja, madam," ilijibu sauti ndogo kutoka ndani ya kabati.