Mfalme Kumi, Malkia Mia

Nina miaka thelathini na mbili, fundi kompyuta hapa Same mjini. Wasomaji wenzangu, nisimung'unye maneno: wivu umenifanya kichekesho cha Vudee nzima, kijijini kwa wakwe zangu!

Mimi na wenzangu wa mtandaoni tulikuwa tunatengeneza gemu ya wafalme wa kale... ngome, mapanga, ndoa za kifalme. Kazi yangu ilikuwa kupanga adhabu za usaliti. Mtu akichepuka, apunguziwe pointi ngapi za mapenzi? Nikaweka mfalme kumi, malkia mia. Mia! Hapo ndoa imekufa.

Aliyenijaribia gemu ni mke wangu, Nakijwa. Akaniuliza mbona malkia anaonewa hivyo. Nikamjibu kwa kiburi kwamba mfalme ni mfalme. Akaendelea kucheza.

Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa na mwanamke kule stendi! Na kwa kuwa nilijua ninavyodanganya, kila simu ya Nakijwa niliona ni ya bwana.

Siku moja akapanda kwao Vudee kwenye msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa linalomwagilia mashamba yao. Nikasikia Elia naye yupo... yule aliyetaka kumchumbia kabla yangu. Jamani, moyo uliwaka! Ningetulia vipi? Nikakodi pikipiki mpaka juu.

Nikawakuta kwenye tope, Nakijwa na Elia wakipokezana karai mstarini. Karai tu! Lakini mimi niliona kitanda. Nikamwita mke wangu malaya mbele ya wazee, mbele ya mama mkwe ambaye hata shikamoo sikumpa. Majembe yote yakasimama. Mke wa Elia, aliyekuwa kwenye mstari huohuo, akaangua kilio.

Nakijwa akanawa mikono taratibu.

"Baba Neema," akasema, "yule wa stendi namjua tangu mwaka jana. Nikakupunguzia kumi, kama ulivyopanga mwenyewe. Leo chukua mia."

Hakurudi Same tena. Mwanangu Neema naye yuko huko huko kwa bibi yake.

Gemu nimeirekebisha, sasa mfalme na malkia wote hamsini. Lakini nani wa kunijaribia?

Wanaume wenzangu, nawasihi... kabla hujapanda mlima kumfumania mkeo, jiulize kwanza wewe umebakiza pointi ngapi. Mimi nilidhani ninazo tele!