Haiko, Mama, Lakini Kaa

Kila asubuhi, kabla ya saa mbili, Immy alikuwa ameshafagia mbele ya duka. Alinyunyiza maji kidogo ili vumbi la malori yaendayo mpakani Mpondwe lisirukie nguo. Kisha alitoa kigoda cha mbao na kukiweka mlangoni. Kigoda hicho kilikuwa cha wateja tu. Mwenye duka, Mama Martine, alikuwa mkali sana juu yake.

"Mutu ametoka Beni, ametembea kwa miguu tangu mpakani, halafu unamuacha amesimama?" alimwambia Immy siku ya kwanza. "Mupe kiti kwanza. Maneno itafuata."

Duka lilikuwa Bwera mjini, karibu na mpaka wa Congo, na lilijaa vitenge kutoka sakafuni hadi darini. Vya kijani, vya njano, vyekundu kama pilipili. Mama Martine alitoka Butembo, Congo, zamani, akalianza duka lake kwa kubeba vitenge begani. Immy alipenda kumtazama akifanya kazi. Wanawake walioshuka mlimani aliwasalimu kwa Lhukonzo. Waliovuka kutoka Congo aliwasalimu kwa Kiswahili chao. Kwa watu wa Kampala alikuwa na Luganda.

Hakumwambia mtu "nunua". Alikunjua nguo, akaitoa nje, akaiweka juani.

"Taa ya ndani inadanganya rangi," alisema. "Mama atafika kwake, atakuta nguo imekuwa ingine. Atasema Martine ni mwizi."

Na kila Jumatatu aligeuza mikunjo ya nguo zote za mbele, moja moja, ili jua lisile mstari mmoja. Immy hakuwahi kuona mtu anayejali mkunjo wa nguo namna hiyo. Alitamani siku moja awe hivyo.

Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alitoka Bwesumbu, juu mlimani, na hii ndiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza. Mama yake, Ketura, alimleta mwenyewe. Walikuja na boda boda mbili: moja ilibeba watu, nyingine ilibeba godoro na kuku mmoja wa kumshukuru mwenye duka. Mama Martine alipokea kuku. Kisha akasema:

"Mwezi mmoja. Tutaangaliana. Wasichana wawili waliofanya hapa mbele yake walirudi kwao."

Mwezi huo ulikuwa unaisha Jumamosi. Immy alijua kwamba asipofaa, godoro lile lingepanda tena mlima, na Bwesumbu nzima ingeliona likipita.

Kazi aliiweza. Lakini alikuwa na kosa moja, na hakujua kwamba ni kosa.

Nyumbani kwa Ketura, mgeni haambiwi "hakuna". Ukiingia pale ukaomba chumvi, Ketura atakujibu, "Iko, kaa kwanza." Halafu atamtuma mtoto kupitia mlango wa nyuma, akaazime kwa jirani. Utapewa chumvi yako na hutajua lolote. Immy ndiye aliyekuwa mtoto huyo wa mlango wa nyuma, tangu akiwa mdogo. Kwake, kumwambia mtu mzima "hakuna" usoni ilikuwa kama kumfukuza.

Basi dukani pia, mteja akiuliza chochote, Immy alijibu, "Iko, mama." Ndipo alipokimbia kutafuta. Akikosa stoo, alikimbia maduka ya jirani. Mara nyingine alipata. Mara nyingine mteja alichoka kungoja, akaenda zake.

Jumanne ilikuwa siku ya soko. Mama Martine alikwenda forodhani Mpondwe kupokea marobota. Immy alibaki peke yake. Akaingia mama mmoja mnene, mchangamfu, amebeba mwavuli.

"Jambo, mutoto. Martine iko?"

"Ameenda Mpondwe, mama. Karibu ukae."

"Mimi ni Sylvie, wa korale ya Beni, tunaimbaka kanisani. Yeye ananijua." Alikaa, akashusha pumzi, akaanza kutazama. Mara akanyoosha mwavuli. "Ile! Ile ya ndege. Leta nione."

Kilikuwa kitenge cha kijani chenye korongo wa njano. Immy alikitoa nje juani kama alivyofundishwa. Mama Sylvie akapiga makofi.

"Hii njo nguo! Sikia, mutoto. Padri wetu mupya atasoma misa yake ya kwanza. Tuko bamama makumi mbili na ine. Tunataka kufanana wote. Iko?"

"Iko, mama."

"Ya wote?"

"Ya wote."

"Basi, nitakuya Ijumaa kuikamata."

"Ijumaa itakuwa tayari, mama."

Mama Sylvie aliondoka akiimba. Immy akaingia stoo na kuhesabu pisi za kitenge kile. Pisi moja ni yadi sita. Alikuta pisi tisa. Akahesabu tena. Tisa.

Alikimbia maduka ya jirani. Moja lilikuwa na korongo hao hao, lakini juu ya kitambaa cha zambarau. Mengine hayakuwa na kitu. Mama Martine aliporudi na marobota yake, Immy alimfungulia mlango na hakusema neno.

Asubuhi ya Jumatano, Eseza fundi cherehani alimtazama kutoka barazani. Eseza alishonea mbele ya duka hilo kwa miaka mingi, na macho yake hayakupitwa na kitu.

"Wewe Immy, umefagia pale mara tatu. Umezika nini?"

Immy alitaka kucheka, akashindwa. Akaketi kwenye kigoda cha wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaeleza yote.

Eseza alisimamisha cherehani.

"Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa hoteli moja Kasese," alisema. "Nilikuwa na miaka kama yako. Dereva wa lori akaingia. Akauliza, kuna samaki? Nikamwambia, yuko jikoni, anaiva. Mwanangu, samaki mwenyewe alikuwa bado anaogelea ziwani!"

"Ukafanya nini?"

"Nikampa maji ya kunawa. Nikampa chai. Nikampa gazeti la mwezi uliopita. Saa mbili nzima. Mwishowe akala maharage kwa hasira, hata chumvi hakuomba. Pale palikuwa panasimama malori sita kila siku. Baada ya siku ile hata moja halikusimama. Alikuwa amewaambia wenzake."

"Lakini aunti, nikisema hakuna, si namvunjia mtu heshima?"

"Kwa mama yako, chumvi ikikosa, jirani yuko nyuma ya nyumba. Jirani wa kitenge hiki yuko wapi? Yuko Kampala! Na kwa mama yako mgeni anataka chumvi ya kijiko kimoja. Huyu mama ameshawaambia watu ishirini na tatu kwamba wamepata. Ijumaa atavuka mpaka, atakuta tisa. Atakayeona aibu mbele yao ni nani? Wewe utakuwa hapa Bwera unafagia."

Immy akainama. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amefikiria godoro lake tu.

"Sasa nifanye nini?"

"Useme leo. Leo bado ana siku mbili za kufanya mpango mwingine. Ijumaa hatakuwa na kitu ila kelele. Anza na Martine. Usianze kumweleza habari ndefu za soko na watu wengi. Sema kosa lako, nyoosha. Kisha mpigie mama mwenyewe. Mwambie ziko ngapi, hazipo ngapi. Halafu muulize kile ambacho hukuuliza."

"Kipi?"

"Wanataka kushona nini? Mimi ni fundi. Mtu akinipa nguo bila kuniambia ya nini, mkasi unakaa chini."

Mama Martine alikuwa ndani, anakunja nguo. Immy alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Mama, nimekosa. Jana mama Sylvie wa korale aliuliza pisi ishirini na nne za korongo. Nilimwambia ziko zote, kabla sijaangalia. Ziko tisa."

Mama Martine hakuinua kichwa. Aliendelea kukunja mpaka pembe zikakutana, akapitisha kiganja juu ya nguo.

"Wale wawili mbele yako," Mama Martine alisema taratibu, "nao walisemaka uongo kwa wateja. Mimi nilisikia kwa wateja. Hii ya leo nimesikia kwa mudomo yako." Akatoa simu yake. "Namba ni hii. Piga wewe. Ni wewe njo ulisema iko."

Simu iliita mara mbili. Mama Sylvie alipokea kwa furaha, na furaha hiyo haikudumu.

"Tisa? Mutoto, tisa? Mimi nilishaambia bamama yote! Mama Alliance amefurahi mpaka ameunguza maharage! Sasa nitamwambia nini?"

Immy aliuma mdomo. Maneno mengi yalimjia: kwamba kulikuwa na soko, kwamba alikuwa peke yake. Aliyaacha.

"Una haki ya kukasirika, mama. Nilisema kabla ya kuangalia. Tisa ziko hapa, nimeziweka kando kwa jina lako. Zaidi haiko, na robota lingine halifiki kabla ya misa. Nimekupigia leo ili upate nafasi ya kutafuta kwingine ukitaka."

Mama Sylvie akaguna. Immy akavuta pumzi.

"Mama, nikuulize kitu ambacho ningekuuliza jana. Mnataka kushona nini?"

"Kushona? Nani anashona? Siku zenyewe ziko wapi? Tuko na blauzi nyeupe ya Pasaka. Tunataka kikwembe ya kujifunga kiunoni, basi."

"Kikwembe cha kujifunga tu?" Immy alirudia kwa sauti, na barazani cherehani ikanyamaza. Eseza alikuwa amegeuka. Aliinua vidole vitatu.

Immy alitazama vidole vile, kisha akatazama pisi ya korongo iliyokuwa mezani. Yadi sita. Kikwembe cha kujifunga ni yadi mbili. Akaichukua, akaikunja mara tatu mbele ya macho yake.

"Mama, pisi moja inatoa vikwembe vitatu. Watu ishirini na nne wanatoshwa na pisi nane. Hapa ziko tisa. Moja inabaki."

"Inabaki?"

"Inabaki, mama."

"Jana pia ulisema iko! Leo umehesabu, ao ni mudomo tu?"

"Nguo iko mkononi mwangu, mama. Ninaikunja sasa hivi."

Mama Sylvie alianza kucheka, kicheko kikubwa kilichomfikia hata Mama Martine. "Basi ile ya tisa ni ya mama ya padri. Ijumaa ninakuya. Na nitahesabu mimi mwenyewe!"

Immy alirudisha simu. Eseza akapiga kelele kutoka barazani:

"Usijisifu! Leo umepata njia. Siku nyingine jibu litakuwa hakuna, basi, na utalisema vile vile!"

Ijumaa Mama Sylvie alifika na wenzake wawili. Eseza alipima kila yadi mbili kwa chaki, akakata kwa mstari ulionyooka, bila ndege hata mmoja kupoteza kichwa. Immy alikunjua kila kikwembe juani, akakionyesha mbele na nyuma, akakikunja tena pembe kwa pembe. Mama Sylvie alihesabu kama alivyoahidi. Vilikuwa ishirini na vinne, na pisi moja nzima.

Jumamosi kutwa nzima Mama Martine aliuza nguo kama siku zote, bila kutaja habari ya mwezi. Alasiri, Immy alikwenda kwenye chumba chake nyuma ya duka, akakunja godoro na kulifunga kamba. Alitaka kuwa tayari, asikutwe akilia.

Mama Martine akasimama mlangoni.

"Godoro inaenda wapi?"

"Mwezi umeisha, mama."

"Fungua kamba. Jumatatu kuna kugeuza mikunjo, na mimi mugongo inaniuma."

Tangu siku hiyo Immy aliangalia kwanza, ndipo akajibu, hata kama jibu lilikuwa haiko. Alianza pia kuandika kwenye kijidaftari kila nguo iliyoulizwa ikakosekana. Mama Martine alipokwenda kuagiza mzigo, alibeba kijidaftari hicho kwenye mkoba wake. Na kama duka la jirani lilikuwa na nguo ile, Immy alimpeleka mteja huko mwenyewe. Mwanzoni majirani walimcheka. Baadaye nao wakaanza kumletea wateja wao.

Miezi ikapita. Siku moja ya soko akaingia mama mgeni kabisa, amechoka, miguu ina vumbi. Hakumuulizia mwenye duka.

"Mama Haiko njo nani hapa?"

Barazani Eseza aliangusha mkasi kwa kucheka. Immy akasogea mbele, naye anatabasamu.

"Nadhani ni mimi, mama."

"Sylvie wa korale njo alinituma. Alisema nikuye kwako. Alisema wewe ukiambia mutu iko, anaweza kukodi lori ya kuibeba." Akatoa kipande cha kitenge cha bluu mkobani. "Hii, iko?"

Immy alikipokea kwa mikono miwili. Akaingia stoo, akatazama rafu ya juu, akatazama ya chini, akafungua hata robota lililofika jana. Kisha akarudi.

"Haiko, mama," alisema, akamsogezea kigoda. "Lakini kaa. Pumzika kwanza, uniambie unataka kushona nini."

Yule mama akakaa.