Sahihi ya Fundi

Horace Dowse si mtu wa porojo, na haya alinisimulia akitazama viatu vyake.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa fundi wa ndege za mabomu hapa kwetu Lincolnshire, Uingereza. Desturi ilikuwa fundi akague ndege, atie sahihi daftarini, ndipo rubani atie yake chini. Siku moja Horace alitia sahihi bila kukagua, akawahi dansi. Ndege ile haikurudi, wala vijana saba waliokuwamo. Aibu hiyo hakumwambia hata mkewe.

Miaka thelathini baadaye uwanja ule wa ndege ulikuwa shamba la viazi, na Horace alikuwa kibarua hapo. Alasiri moja yenye ukungu, mke wa mwenye shamba alimtuma akalete magunia kutoka banda la zamani la ndege.

"Mbona unasitasita, Horace? Unaogopa panya?"

"Panya ningewaamkia, mama."

Ndani kulikuwa giza. Akasikia injini zikiwaka: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikakohoa, na zote zikanyamaza.

Akawasha kiberiti. Juu ya magunia palikuwa na daftari. Rubani wa ndege ile alikwishatia sahihi, na wino ulikuwa haujakauka. Mstari wa fundi, ulio juu yake, ulikuwa mtupu.